Kumlea Paka kwa Muda: Wajibu Unaowezekana Kisumu

Kwa nini tunahitaji walezi

Kuanzia Dunga hadi Usenge, penye samaki hapakosi paka. Mabaki ya mbuta na ngege, pamoja na omena walioanikwa juani, huwatosha paka kuishi na kuzaana, lakini hayawapi afya. Paka jike aweza kushika mimba kabla ya kutimiza miezi 6, na hubeba mimba kwa takribani wiki 9 tu. Ndiyo maana wanaookolewa huzidi nafasi za kuwaweka. KSPCA, shirika kongwe la kutetea wanyama nchini, lina makao yake Karen, Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Msimamo wa kijitabu hiki ni kwamba paka anayesubiri kupata mwenyewe wa kudumu hufaidika zaidi katika chumba cha mlezi wa kujitolea, kiwe Milimani au Manyatta, kuliko katika banda lililojaa.

Ushahidi uko wazi. Kwanza, mtoto wa paka huzoea watu hasa kati ya wiki ya 2 na ya 7 ya maisha yake. Asiposhikwa na kuzungumzishwa wakati huo, hukua na woga, na paka mwoga hachukuliwi upesi. Pili, mafua ya paka na ugonjwa wa virusi uitwao panleukopenia husambaa haraka wanyama wanapobanana, na virusi vya panleukopenia huweza kudumu sakafuni kwa miezi mingi. Kwa mlezi, dalili za ugonjwa huonekana mapema. Tatu, mlezi hujua kama paka wake anavumilia watoto au anaogopa mbwa, na familia itakayomchukua inahitaji kujua hayo.

Hofu zinazostahili majibu

Wengi huogopa maradhi, na hofu hiyo ina msingi. Paka huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kuanzia umri wa miezi 3. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Vimelea vya ugonjwa wa toksoplasmosisi vilivyo katika kinyesi huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo safisha beseni la mchanga kila siku, na mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo.

Wengine huuliza kwa nini paka alishwe ilhali majirani wana njaa. Swali hilo ni la haki, na ndiyo sababu hakuna anayepaswa kujitwisha mzigo asioumudu. Omena waliochemshwa bila chumvi husaidia, ingawa si mlo kamili. Maziwa ya ng'ombe huweza kuwaharisha. Kabla ya kumpokea paka, pata idhini ya mwenye nyumba, kisha uandikiane na waliomwokoa ni nani atakayemlipa daktari wa mifugo na ulezi utachukua muda gani.

Kuna pia uchungu wa kuagana. Uchungu huo ni wa kweli, lakini paka akiondoka, mwingine hupata nafasi. Sharti moja halina mjadala: paka asikabidhiwe kabla ya kuhasiwa au, akiwa bado mdogo, kabla ya kupangiwa tarehe. Bila hivyo tutamwokoa mmoja leo, na wanawe watazaliwa kesho katika shida ile ile.