Mboga Iliyochumwa Bado Inapumua
Somo kwa vikundi kuhusu kutunza matunda na mboga baada ya kuvuna

Somo hili ni la kusomwa kwa sauti mkiwa mmeketi pamoja. Katibu asome pole pole, na pale palipo na swali asimame kidogo watu wajibu kwanza.

Swali la kwanza ni hili: nyanya ikishachumwa, iko hai ama imekufa?

Vikundi vingi hugawanyika hapo. Wengine husema imekufa kwa sababu imetengwa na mmea wake. Lakini watafiti wamepima wakaona iko hai. Inapumua kama sisi. Inavuta hewa safi, inatumia sukari iliyo ndani yake, na inatoa hewa chafu, maji na joto. Ilipokuwa shambani mizizi iliiletea maji na majani yaliitengenezea chakula. Sasa inakula akiba. Ni kama mtu aliyeachishwa kazi anayeishi kwa pesa zilizobaki mfukoni: asipoangalia zitaisha kabla ya mwezi kwisha.

Kinachomaliza akiba hiyo haraka ni joto. Kwa mazao mengi, joto likipanda kwa digrii 10, kupumua huongezeka mara 2 hadi 3. Sasa fikirieni sukuma wiki iliyochumwa saa nane mchana, ikashindiliwa ndani ya gunia la nailoni, ikawekwa kando ya barabara kungoja gari. Jua linaichoma kutoka nje, na mboga yenyewe inatoa joto lake huko ndani. Ukiingiza mkono katikati ya gunia hilo utasikia moto. Gari halijafika na tayari umepoteza siku ya kuuza.

Pamoja na joto kuna kupotea kwa maji. Mboga za majani ni maji karibu sehemu 9 kwa 10. Zikipoteza kama asilimia 5 tu ya uzito wake, nyingi huanza kulegea, na mama mboga akizishika anaziweka chini na kwenda kwa jirani yako. Tena kama unauza kwa kilo, hesabu ni rahisi. Umechuma kilo 20 za mchicha asubuhi. Zikipoteza sehemu moja kwa kumi hadi jioni, kilo 2 zimepotea angani. Hakuna aliyezila, hakuna aliyezilipia, na jembe ulishika wewe.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka wa 2011 kwamba karibu theluthi moja ya chakula cha watu duniani hupotea au hutupwa. Kwa matunda, mboga na mazao ya mizizi ni kati ya asilimia 40 na 50. Hizo ni hesabu za dunia nzima. Hasara ya kijijini mimi naiona zaidi kwenye bei kuliko kwenye lundo la nyanya zilizooza. Dalali anapofika shambani na kusema bei yake, anajua una saa chache tu. Anajua kesho nyanya zako zitakuwa laini. Kwa hiyo hana haraka, mwenye haraka ni wewe. Kikundi kinachoweza kungoja siku mbili tatu kina mdomo wa kujadili bei. Ndiyo sababu nasema habari hii ya ubaridi ni habari ya pesa.

SAA ZA KWANZA

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vikundi hupenda kurukia ujenzi wa chumba cha baridi kabla ya kutengeneza jambo hili, na hili halitaki pesa nyingi.

Chuma mapema, wakati shamba bado lina ubaridi wa usiku. Majani kama sukuma, kunde, mchicha na managu yachumwe alfajiri. Nyanya zingojwe umande ukauke kwanza, kwa sababu maji juu ya ngozi hualika ukungu. Kila kinachochumwa kiende kivulini mara moja. Kama hakuna mti, simamisheni miti minne na nyasi juu. Kivuli ndicho chombo cha bei nafuu kuliko vyote. Tunda lililoachwa juani hupata joto kuliko hata hewa inayolizunguka.

Halafu tuangalie mikono yetu. Kucha ndefu zinatoboa nyanya, na kila tundu ni mlango wa ugonjwa. Embe lisiangushwe chini. Likatwe na kikonyo chake kidogo, kisha kikonyo kipunguzwe na tunda ligeuzwe utomvu utiririke usichome ngozi. Nyanya moja iliyopasuka ikiachwa ndani ya kreti itaozesha jirani zake, kwa hiyo chagueni kabla ya kupakia, si baada. Kama soko liko mbali, chumeni nyanya zinapoanza tu kugeuka rangi. Zitaendelea kuiva njiani.

Na vyombo? Gunia ni adui wa nyanya. Kreti ya mbao isiwe ndefu sana kwenda chini, maana zile za chini hubeba uzito wa zote. Misumari na mbao zenye makali ziwekewe karatasi safi. Kreti za plastiki zinazopangana bila kukandamiza mazao ni bora, ingawa bei yake si mchezo. Hizo kikundi kinaweza kununua pamoja, kikaziandika namba na kuzigawa kwa zamu. Lumbesi ya kabichi sitaiongelea leo, nitakasirika bure.

NYUMBA YA TOFALI NA MCHANGA

Sasa tuje kwenye chumba cha baridi kisichotumia stima. Nani hapa amekunywa maji ya mtungi wa udongo siku ya jua kali? Maji yanapenya udongo, yanakauka kwa nje, na yakikauka yanaondoka na joto. Ni baridi ile ile unayosikia ukitoka mtoni umelowa na upepo ukupige.

Katika miaka ya 1980 watafiti wa taasisi ya kilimo ya New Delhi, huko India, walitumia akili hiyo ya mtungi kujenga nyumba ndogo ya kuhifadhi mboga. Vipimo vyao vinafaa hata kwetu. Sakafu ni ya tofali, urefu wa sentimeta 165 na upana wa 115. Juu yake zinainuliwa kuta mbili, moja ndani ya nyingine, hadi sentimeta 67 na nusu, na kati yake kuna nafasi ya sentimeta 7 na nusu inayojazwa mchanga. Tumieni tofali za udongo za kuchoma, kwa sababu hizo hunywa maji. Mchanga na tofali vinaloweshwa vizuri, kisha vinaongezewa maji asubuhi na jioni. Kifuniko ni cha matete na gunia la mkonge lililoloweshwa. Mboga zinakaa ndani ya kreti, hazimwagwi kwenye sakafu. Nyumba yote iwe chini ya paa la nyasi, mahali upepo unapita. Bila upepo maji hayakauki, na yasipokauka hakuna baridi. Nyumba ya kipimo hicho inabeba kama kilo 100.

Hapa Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakiongozwa na Jane Ambuko walichapisha mwaka wa 2017 matokeo ya kujaribu nyumba ya tofali na kibanda cha makaa kwa mchicha. Kibanda cha makaa ni kuta za wavu zilizojazwa makaa yanayoloweshwa maji. Mchicha uliokaa humo ulikuwa kwenye ubaridi na unyevu zaidi kuliko ule ulioachwa katika chumba cha kawaida, na ulipoteza uzito kidogo sana ukilinganisha. Kwa nyumba moja kuna njia ndogo zaidi. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, katika miaka ya 1990 alieneza chungu ndani ya chungu kikubwa, mchanga wenye maji katikati, kitambaa kibichi juu. Alieleza kwamba biringanya zilikaa siku 27 badala ya siku 3.

Lakini msikimbilie kununua tofali. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani waliochunguza vyombo hivi wanasema hufanya kazi vizuri zaidi pale unyevu wa hewa uko chini ya asilimia 40 na joto la mchana linapita digrii 25. Kwa hiyo Kitui, Makueni au Baringo wakati wa kiangazi vitasaidia kuliko Mombasa au Lamu, na wakati wa mvua ndefu vitasaidia kidogo kila mahali. Hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu mahali pakavu ndipo maji ni shida. Maoni yangu ni haya: kama akina mama wa kikundi wanatembea mwendo mrefu kutafuta mtungi mmoja, msijenge. Pesa hiyo nunueni kreti, jengeni kivuli, na mpange siku moja ya kuchuma pamoja ili gari lije mara moja lisiwangojeshe. Mkishapata tangi la maji ya mvua, basi jengeni.

MAJIRANI WASIOPATANA

Tunda linaloiva hutoa gesi inayoitwa ethilini. Mwaka wa 1901 mtafiti Mrusi, Neljubow, alitambua kwamba gesi hii iliyokuwa ndani ya gesi ya taa ndiyo iliyoharibu miche yake. Mwaka wa 1934 Mwingereza, Gane, akathibitisha kwamba matunda ya tofaa huitengeneza yenyewe. Bibi zetu waliijua kazi yake bila jina lake: ndizi zikifunikwa pamoja huiva haraka. Basi embe, ndizi, avokado na nyanya zinazoiva zisilale chumba kimoja na sukuma, kabichi au matango. Majani yatageuka manjano upesi.

Vitunguu navyo havitaki nyumba ya maji kabisa. Vinataka kukaushwa hadi shingo ifunge, kisha vikae pakavu penye hewa. Viazi vinataka giza, maana mwanga huvifanya kijani na chungu, na kijani hicho kina sumu. Na kwa wale wenye friji: ndizi na nyanya mbichi zisiwekwe humo. Chini ya digrii kama 12 au 13 huumia, haziivi vizuri na ladha hupotea.

KAZI YA KIKUNDI

Wiki hii kikundi kifanye utafiti wake. Chumeni mchicha kutoka shamba moja, saa moja asubuhi, mfunge mafungu matatu ya uzito sawa. Azimeni mizani ya duka. Fungu la kwanza liwe juani, la pili kivulini, la tatu kivulini likiwa limefunikwa kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji safi. Pimeni tena saa sita na saa kumi na mbili jioni. Andikeni uzito, na mwandike pia kama ungelinunua fungu hilo kama ungekuwa mteja.

Mweka hazina achukue tofauti ya uzito kati ya fungu la jua na fungu la kitambaa, aigawanye kwa uzito wa fungu moja ulivyokuwa asubuhi, kisha aizidishe kwa kilo za mazao yote ambayo wanachama hupeleka sokoni kwa wiki, halafu aizidishe tena kwa bei ya kilo. Jumla hiyo iletwe kwenye mkutano unaofuata, siku ile mtakapoamua kama ni kreti, ni paa la nyasi, ama ni tofali.