Kwa Nini Okapi si Punda: Somo juu ya Makundi ya Viumbe

Kijana mmoja wa mafundisho ya Kipaimara alimwuliza katekista wake: “Maandiko Matakatifu yamtaja popo pamoja na ndege, lakini mwalimu wa shule asema popo si ndege. Nimsadiki nani?” Katekista alimwamuru aache maswali ya ukaidi. Hakufanya vema. Swali hilo si la ukaidi. Ni la mtu atakaye imani yake isimame pamoja na akili yake, na wenzake wengi wanalo moyoni wasithubutu kulisema. Twende basi polepole.

Kugawanya viumbe ni kazi ya kale. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, chatuonyesha wanyama wakiletwa mbele ya mtu wa kwanza ili awape majina. Na mama auzaye maharage sokoni Goma hafanyi kazi iliyo mbali na hiyo, anapoyachambua kwa rangi na ukubwa. Ila kila agawanyaye huchagua kwanza alama ya kutazama, na alama hufuata haja yake. Atakaye kupika hutazama maharage yaivayo upesi. Atakaye kupanda hutazama yaliyo mazima, yasiyotobolewa na wadudu. Maharage ni yale yale, mafungu si yale yale.

Sura ya 11 ya kitabu cha Walawi ni sheria ya chakula. Humo wanyama wamepangwa kwa mahali waishipo na jinsi waendavyo: wa nchi kavu, wa majini, warukao. Popo huruka, basi yumo kati ya warukao. Mwalimu wa shule atazama alama nyingine. Popo ana nywele mwilini, hana manyoya ya ndege. Hatagi mayai, bali huzaa na kunyonyesha. Na ndani ya bawa lake mna mifupa ya mkono wenye vidole vitano. Kwa hiyo amwandika pamoja na wanyama wanyonyeshao. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja amejibu swali lake.

Lakini je, kwa mwenye kutafuta undugu wa viumbe, alama zote zina uzito sawa? Hapa yafaa tusimulie habari iliyotokea katika Kivu yetu ya Kaskazini.

Mwaka 1900 Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza katika Uganda, alifika Mbeni, kituo kilichokuwa karibu na mto Semliki, katika nchi ya Beni. Alikuwa akiwarudisha kwao Wambuti waliotekwa na Mzungu mmoja aliyetaka kuwapeleka Ulaya wakatazamwe na watu kwa malipo. Wambuti wakamweleza habari za mnyama wa msituni mwenye mistari miguuni. Johnston alidhani ni namna ya punda. Wenyeji wakamwonyesha nyayo zake: kwato zilizopasuka, kama za ng’ombe. Johnston hakusadiki. Punda ana kwato moja katika kila mguu. Basi akadhani nyayo zile ni za mnyama mwingine. Akapata vipande vya ngozi vilivyokuwa vimekatwa mikanda, akavipeleka London, na mwaka 1901 mtaalamu Sclater, kwa kutazama ngozi ile, akamwandika mnyama huyo katika jenasi ya farasi na punda milia: Equus johnstoni.

Mwaka uo huo Karl Eriksson, ofisa Mswidi wa Mbeni, akapeleka ngozi nzima na mafuvu mawili. Hapo mambo yakageuka. Chonge za taya la chini zilikuwa zimegawanyika nchani, kama chonge za twiga. Tena okapi dume ana vipembe vifupi vilivyofunikwa na ngozi, kama twiga. Ndipo mtaalamu Ray Lankester akamwundia jenasi yake peke yake, Okapia, akamweka katika jamii ya twiga, ndipo alipo hata leo. Na zile kwato? Zilikuwa mbili, kama Wambuti walivyosema tangu mwanzo. Majina ya mabwana hao yamo vitabuni. Ya wale waliojua kwanza hayamo.

Sababu ya kosa ni nini? Mistari ya ngozi yaweza kufanana kwa viumbe wasio na undugu wa karibu. Meno na mifupa hutunza habari za ukoo kwa muda mrefu zaidi. Siku hizi wataalamu husoma pia urithi ulioandikwa ndani ya kila chembe ya mwili, nao umethibitisha neno la mafuvu yale.

Majina hayo mawili-mawili ya Kilatini yanatokana na desturi ya Carl Linnaeus wa Sweden, ambaye mwaka 1758 aliwapa wanyama wote aliowajua jina la jenasi na jina la spishi. Yana faida kubwa. Sambaza tumlaye hapa aliletwa katika ziwa Kivu mwaka 1959 kutoka Tanganyika, ambako huitwa ndagala pamoja na samaki mwingine mdogo. Kwa mtaalamu ni Limnothrissa miodon huku na huko.

Sasa lafika jambo ambalo wengine huliogopa. Katika kitabu hicho cha mwaka 1758 Linnaeus alimweka mtu katika kundi moja na nyani. Gorila wa milima yetu ya Virunga ana meno 32 kama sisi, ana kucha bapa, na macho yake yatazama mbele. Je, Mkristo akane? Hapana. Alama hizo ni za mwili, na mwili ni kweli tunao. Papa Pius wa 12, katika barua yake Humani generis ya mwaka 1950, hakukataza wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa mtu. Alifundisha kwamba roho yaumbwa na Mungu mwenyewe. Roho haina meno ya kuhesabiwa.

Tena wataalamu hao hao wasema neno ambalo hapa Goma lapasa kusomwa mara mbili: watu wote walio hai ni spishi moja, Homo sapiens. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji katika Ruanda-Urundi iliwaandikia watu kabila katika vitambulisho, na wako waliopima pua na vichwa ili kuwatenganisha. Tumeona matunda yake, nayo yalivuka mpaka hata kwetu. Walinzi wa Virunga nao hutazama pua: kila gorila ana mikunjo yake juu ya pua, nao humtambua kwayo. Lakini kwa alama hiyo humjua huyu ni nani, hawamtengi na jamaa yake.

Katekista atakayelisoma somo hili darasani awaambie wanafunzi walete majani ya namna kumi. Wayagawanye kwanza kwa ukubwa, kisha kwa mishipa yake, waone ni majani gani yaliyohama fungu. Kisha amwite yule kijana wa swali la popo, awaeleze wenzake sababu.