Wikendi Hamburg kwa mfuko wa mwanafunzi

Ukisoma Göttingen, kama ninavyosoma mimi, Hamburg iko mbali kiasi cha kuitwa safari, na karibu kiasi cha kurudi Jumapili usiku ukawahi darasa la Jumatatu. Nimekwenda huko na wenzangu kiangazi na hata kwenye baridi, na wanafunzi wapya kutoka nyumbani wakifika huniuliza waanzie wapi. Hutarajia niwatajie majengo. Mimi huanza na fedha, kwa sababu nimeona urafiki mzuri ukiingia ufa kwa sababu ya bili ya chakula, lakini sijaona ukivunjika kwa sababu watu hawakupanda mnara.

Kundi la wanafunzi wa kigeni halina mfuko mmoja. Yuko mwenye ufadhili. Yuko ambaye wazazi waliuza kiwanja ili aweke benki fedha inayodaiwa kwa ajili ya viza, na sasa anafunguliwa kiasi kilekile kila mwezi, basi. Yuko anayeosha vyombo mgahawani Ijumaa hadi usiku wa manane ndipo apate kodi ya chumba. Mkikaa mezani na kuulizana hosteli ipi, wote watasema yoyote ni sawa, na yule mwenye kidogo ndiye atakayesema hivyo haraka zaidi. Hatajieleza mbele ya watu, na si haki kumlazimisha ajieleze.

Njia yetu ni hii. Kila mmoja anamwandikia mtu mmoja tu kwenye kundi, faraghani, kiwango cha juu anachoweza kutumia wikendi nzima bila kugusa fedha ya kodi na chakula cha mwezi. Mtu huyo hatangazi nani kaandika nini. Anachukua kiwango cha chini kabisa, nacho ndicho kinakuwa bajeti ya mambo yote ya pamoja. Hakuna wastani hapa, maana wastani humwacha mtu mmoja akikopa kimyakimya. Mwenye zaidi atatumia cha kwake kwa mambo yake, na hakuna atakayemnung'unikia.

Kisha tunachanga sawa kwa sawa, taslimu, kwa mweka hazina wa safari. Mfuko huo unalipa malazi, mkate na matunda ya asubuhi, na kiingilio cha mahali pamoja tulipokubaliana. Kahawa, zawadi na vitafunwa vya njiani kila mtu na mfuko wake. Taslimu ni muhimu, kwa kuwa Ujerumani bado ina vibanda na migahawa midogo isiyopokea kadi. Mgahawani mhudumu atawauliza kama mnalipa pamoja au kila mtu chake. Sisi tuliolelewa kwamba mwenye nacho ndiye hulipa hujisikia vibaya kujibu kila mtu chake, lakini jibuni hivyo bila aibu. Kama kuna kaka au dada anataka kuwalisha wote, na aseme kabla hamjaagiza, ili watu wale kwa raha.

Idadi nzuri ni wanne au watano. Watano ndio ukomo wa tiketi ya siku ya jimbo la Niedersachsen, ambayo kundi hununua pamoja na inafika mpaka Hamburg. Siku za kazi haitumiki kabla ya saa tatu asubuhi, lakini Jumamosi na Jumapili unaweza kuondoka alfajiri. Mwenye tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, ile iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na bei yake imekuwa ikipanda tangu hapo, hahitaji kuongeza kitu, ila akumbuke mambo mawili: ni ya jina lake peke yake, hivyo abebe kitambulisho, na haimruhusu kupanda treni za kasi. Mtakwenda na treni nyekundu na za rangi nyingine za mikoani zinazosimama kila mji mdogo, mkibadilisha Hannover au Uelzen. Ni karibu saa nne za kukaa. Mimi nazipenda saa hizo. Ndani ya treni ndipo watu wanapofahamiana, simu zikiwekwa pembeni na chapati za jana zikitoka kwenye mkebe. Acheni nafasi ya kutosha kwenye kubadilisha, angalau dakika ishirini, kwa kuwa treni ya kwanza ikichelewa kidogo tu ya pili haiwasubiri.

Kuhusu kulala, sina mengi. Laleni karibu na stesheni kuu au karibu na gati la Landungsbrücken, hata kama kitanda cha mbali ni rahisi zaidi, maana tofauti hiyo mtailipa kwa usingizi na kwa hofu ya kurudi usiku. Kilimani juu ya gati ipo hosteli ya vijana inayotazama bandari, nayo inataka uanachama wa hosteli za vijana. Nyuma ya stesheni, mtaa wa St. Georg una misikiti, maduka ya vyakula vya kwetu na migahawa ya halali ambako sahani moja hushibisha. Mwenzetu mmoja wa Mombasa hakubali kulala kwingine.

Jumamosi, mkishaweka mabegi, nendeni moja kwa moja majini. Gatini mtaitwa na wauza ziara za bandari. Ni ziara nzuri, lakini mwanafunzi hazihitaji. Pandeni kivuko namba 62 kinachokwenda Finkenwerder: ni usafiri wa umma kama basi, na tiketi yenu ya treni inakubalika. Pandeni ghorofa ya juu, upande wa kulia wakati wa kwenda mtazame ufuo na nyumba za mlimani, na wakati wa kurudi mgeukie winchi na makontena. Kwa mtu aliyekua akivuka kwenda Kigamboni, upepo ule wa mtoni na honi za meli humgusa kwa namna ambayo mwenzake wa bara hataielewa mara moja. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, na hapo juu ya kivuko udugu huo unaonekana kuliko kwenye karatasi yoyote. Beba sweta hata Julai.

Mkishuka, ingieni njia ya zamani ya chini ya mto Elbe, iliyofunguliwa mwaka 1911. Waenda kwa miguu hawalipi. Mnashuka kwa ngazi au lifti pana zilizojengwa kubebea magari, mnatembea mita 426 chini ya maji kati ya kuta za vigae, na ng'ambo mnatokea mahali penye picha nzuri kuliko zote za mji. Kutoka hapo rudini mkatembee hadi Speicherstadt, maghala marefu ya matofali mekundu yaliyoanza kujengwa 1883 na kuingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2015. Hapa ndipo kahawa, chai na viungo kutoka nchi kama zetu vilipohifadhiwa. Msipite haraka. Kampuni ya O'Swald ya mji huu ilifungua tawi Unguja mwaka 1849, ikisomba kauri kutoka pwani yetu kwenda Afrika Magharibi, zilikotumika kama fedha. Utajiri mnaoupiga picha una mizizi mpaka Forodhani, na ni vizuri kuujua mkiwa mmesimama mbele yake.

Baada ya hapo tawanyikeni. Kundi linaloshikamana tangu asubuhi hadi usiku huchoka na kuanza kununiana, kwa hiyo sisi huachiana kwa muda wa saa tatu hivi alasiri. Mwenye kupenda majengo hupanda kwenye ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie, uliofunguliwa Januari 2017 juu ya ghala la zamani, na baraza yake ya mita 37 kwenda juu iko wazi kwa umma. Mwingine atakwenda madukani, mwingine atalala. Kubalianeni mahali na saa ya kukutana kabla ya kuachana, na mahali pawe na paa. Juni mna mwanga karibu hadi saa nne usiku. Desemba kiza kinaingia saa kumi jioni, basi mambo ya nje yatangulie.

Jumapili maduka hufungwa, hivyo maji na mkate nunueni Jumamosi. Wengi wataamkia soko la samaki la Altona, ambalo kiangazi hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa tatu na nusu. Amkeni mkienda, mle mkate wa samaki, msikilize wauza ndizi wanavyonadi kwa sauti. Mimi, nikiwa na Waswahili wenzangu, huomba sehemu moja zaidi kabla ya treni: makaburi ya Ohlsdorf.

Ni bustani ya karibu hekta 400, na mabasi ya mji yanapita ndani yake. Humo amezikwa Sayyida Salme binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Alijifunza kuandika kwa siri, akaondoka kisiwani mwaka 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, wakafunga ndoa Aden mwaka uliofuata, naye akaitwa Emily. Mume akafa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akamwachia watoto watatu katika mji wa baridi usio na ndugu yake hata mmoja. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Alifariki Jena mwaka 1924, na majivu yake yakaletwa hapa kwenye kaburi la familia ya mumewe.

Kitabu hicho pia kinautetea utumwa, na hilo lazima lisemwe kaburini hapohapo. Dada mmoja wa Kigoma, ambako njia za misafara ya watumwa zilipita, alikataa kuweka ua. Mwenzetu wa Unguja aliweka. Walibishana kwa heshima mpaka kituo cha basi, na mimi nilijifunza kwao kuliko kwenye semina nyingi. Ndiyo maana nasema kila safari iwe na kitu kimoja kinachowahusu ninyi hasa, ambacho hakimo kwenye orodha za watalii. Kundi la wanafunzi wa Vietnam au Kolombia litapata cha kwao.

Treni ya kurudi chagueni ile inayotangulia ya mwisho, si ya mwisho yenyewe. Mkishapata viti, mweka hazina atoe risiti, ahesabu mbele ya wote, na kilichobaki kigawanywe sawa kabla ya Hannover, wakati kila mtu bado yuko macho. Chupa tupu za plastiki msizitupe, nyingi hurudisha senti 25 kila moja dukani, nazo ni za aliyezibeba.