Kitabu Kiandikwacho na Watu Wengi

Ziko kamusi zielezazo maana ya maneno, na viko vitabu vikubwa zaidi vielezavyo mambo yenyewe: nchi na mito, wanyama na miti, wafalme na vita, maradhi na dawa, nyota na mashine. Kitabu cha namna hii huitwa kamusi elezo. Zamani kamusi elezo iliandikwa na wataalamu walioajiriwa kwa kazi hiyo, ikapigwa chapa katika majuzuu mengi, ikauzwa kwa fedha nyingi. Mtu aliyeona kosa ndani yake hakuwa na la kufanya ila kuandika barua, kisha kungoja miaka mpaka kitabu kipigwe chapa tena.

Tangu mwaka wa 2001 iko kamusi elezo ya namna nyingine, nayo huitwa Wikipedia. Haikupigwa chapa katika karatasi, bali husomwa kwa kompyuta au kwa simu, kwa njia ya intaneti. Waandishi wake ni watu wa kujitolea wasiolipwa mshahara. Wengi wao hawajaonana uso kwa uso, na wengine hujiita kwa majina ya kubuni, hata haijulikani kama ni mzee au kijana, mwalimu au seremala. Mtu ye yote aweza kufungua ukurasa, akaongeza habari au akafuta neno. Imeandikwa kwa lugha zaidi ya 300. Ile ya Kiingereza peke yake ina makala zaidi ya milioni sita. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka wa 2003.

Asikiaye habari hii mara ya kwanza huuliza: Ikiwa kila mtu aweza kuandika, na kila mtu aweza kufuta, mbona kitabu hiki hakikuwa fujo tupu? Swali hilo ni la haki. Wala jawabu lake si kwamba waandishi wake hupatana, maana hawapatani. Hubishana siku zote, mara kwa mambo makubwa, mara kwa herufi moja. Makala ya Kiingereza juu ya maziwa ya mgando ilileta ubishi wa miaka minane, kwa sababu Wamarekani huyaita “yogurt,” na Waingereza hutia herufi h katikati ya neno. Ubishi huo ulikwisha mwaka wa 2011, na h ikaondolewa.

Walioianzisha ni Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Kwanza, mwaka wa 2000, walianza kamusi elezo nyingine iitwayo Nupedia, ambayo kila makala yake ilipita katika ngazi saba za kukaguliwa na wataalamu. Shauri lilikuwa jema, lakini kazi ilikwenda polepole mno. Nupedia ilipofungwa mwaka wa 2003, makala zilizomaliza ngazi zote hazikufika 30. Wikipedia yenyewe ilifunguliwa tarehe 15 Januari 2001 iwe kitalu tu, mahali pa kukuzia miche itakayohamishwa katika shamba la Nupedia. Ilitumia njia iliyobuniwa na Ward Cunningham, fundi wa programu za kompyuta, mwaka wa 1995. Njia hiyo aliiita wiki, nalo ni neno la watu wa Hawaii lenye maana ya “upesi.” Na upesi ulionekana kweli: kabla ya mwaka kwisha makala zilikuwa zapata 20,000. Kitalu kikalimeza shamba.

Waanzilishi wenyewe hawakubaki na shauri moja. Sanger aliondoka mwaka wa 2002, na baadaye alisema wazi kwamba Wikipedia haiwapi wataalamu heshima iwapasayo, hata mtu aliyelisoma jambo miaka ishirini hulazimika kubishana na mtu aliyelisikia jana. Mwaka wa 2006 alitangaza kamusi elezo yake mwenyewe, ambayo wataalamu wangekuwa na amri kubwa zaidi. Kamusi hiyo haikukua sana. Hata hivyo lawama yake haikuwa ya bure, na wako wataalamu wengi waliokwisha kuiacha Wikipedia kwa kuchoka kubishana.

Sasa na tazamwe jinsi ubishi unavyotunzwa usiharibu kazi. Nyuma ya kila makala kuna kurasa mbili ambazo wasomaji wengi hawazifungui kamwe. Wa kwanza ni ukurasa wa historia. Humo huwekwa kila badiliko lililopata kufanywa, pamoja na saa yake na jina la aliyelifanya. Kwa hiyo afutaye hafuti kabisa. Maneno ya kale hukaa yote, na mtu mwingine aweza kuyarudisha mara moja. Mharibifu aweza kutumia nusu saa akiandika matusi, na mwenzake akayaondoa kwa kubonyeza mara moja. Ukurasa wa pili ni wa majadiliano, nao ni kama baraza la wazee. Asiyekubali neno lililoandikwa yampasa kufika hapo, aeleze sababu yake, asikilize na sababu za wengine.

Katika baraza hilo haitoshi kusema, “Mimi najua.” Kila asemaye jambo huulizwa ameliona wapi, katika kitabu gani au gazeti gani la kuaminika. Tena, wataalamu wasipopatana juu ya jambo, kamusi haina ruhusa kuchagua upande. Yapasa kueleza ya kila upande kwa haki, kadiri ya uzito wake. Na iko amri nyingine iliyotungwa kwa ajili ya wakaidi. Watu wawili wakifutiana maneno, huyu akifuta na yule akirudisha, kila mmoja hana ruhusa kurudisha zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Apitaye mpaka huo aweza kufungiwa na wasimamizi asiandike kwa muda, hata kama neno lake lilikuwa la kweli. Amri hii haiulizi nani ana haki, huzuia mikono tu, ili vinywa vipate kusema.

Ubishi mgumu kuliko mwingine mara nyingi huwa wa majina. Watoto wa Afrika Mashariki wajua jambo hili, kwa maana mashine ile ambayo Mtanzania huiita kompyuta, Mkenya aweza kuiita tarakilishi, na kila mmoja huona jina lake ndilo Kiswahili kizuri. Ubishi huo ni mwepesi, kwa kuwa hakuna aliyeuawa kwa ajili ya neno tarakilishi. Lakini yako majina yaliyobeba vita ndani yake, na mfano mmoja wajulikana sana na waandishi wa Wikipedia ya Kiingereza.

Kando ya Bahari ya Baltiki, karibu na mahali mto Vistula uingiapo baharini, pana mji mkubwa wa bandari. Wapolandi huuita Gdańsk, na Wajerumani huuita Danzig. Mwaka wa 1308 mji huo ulitwaliwa na jeshi la watawa wa Kijerumani. Mwaka wa 1454 wenyeji waliwaasi watawa hao, wakajiweka chini ya mfalme wa Poland, ijapokuwa wengi wao walisema Kijerumani. Mwaka wa 1793 mji ukatwaliwa na Prussia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukafanywa mji huru, chini ya ulinzi wa Shirikisho la Mataifa. Tarehe 1 Septemba 1939 manowari ya Kijerumani ilipiga mizinga ngome ya Wapolandi iliyokuwa pale bandarini, na Vita Kuu ya Pili ikaanza. Mwaka wa 1945 mji ukawa wa Poland, na Wajerumani ambao walikuwa hawajakimbia wakafukuzwa karibu wote. Basi mtu aandikapo jina moja la mji huo, mwingine husikia kana kwamba kaburi la babu yake limefutwa.

Katika mji huo, mwaka wa 1686, alizaliwa Daniel Gabriel Fahrenheit, yule aliyetengeneza kipimajoto cha zebaki. Jamaa yake walisema Kijerumani. Mfalme wao alikuwa wa Poland. Je, iandikwe kwamba alizaliwa Danzig au Gdańsk? Mmoja aliandika hili, mwingine akafuta akaandika lile, wa kwanza akarudisha. Si katika makala hiyo tu, bali katika kila makala iliyoutaja mji huo: za wafalme, za makanisa, za meli, za wataalamu wa nyota. Tembo wawili walipigana, na nyasi zilikuwa wasomaji, maana asubuhi waliweza kukuta jina moja na jioni jingine. Tena jambo gumu ni kwamba kila upande ulikuwa na vitabu vyake, na vitabu vyote vilikuwa vya kweli.

Mwaka wa 2005 waandishi waliamua kupiga kura. Kwa desturi Wikipedia haipendi kura, kwa kuwa wingi wa watu si ushahidi. Lakini hapa ushahidi ulikuwa umekwisha kuletwa wote, na amani haikupatikana. Jambo la akili walilofanya lilikuwa kuligawanya swali. Hawakuuliza, “Jina la mji ni lipi?” Waliuliza jina lipi litumike kwa kila kipindi, kimoja kimoja, kwa kufuata miaka ambayo mji ulibadilishwa mikono. Watu waliokuwa maadui katika swali moja wakaonekana wanaweza kupatana katika nusu yake. Ikaamuliwa kwamba kwa habari za kabla ya mwaka wa 1308 litumike Gdańsk. Tangu 1308 hata 1945, Danzig. Na baada ya 1945, Gdańsk tena. Vilevile, mji utajwapo mara ya kwanza katika makala, na jina la pili liandikwe kando yake, ili msomaji asidhani kwamba ni miji miwili. Kwa hiyo Fahrenheit alizaliwa Danzig, na Gdańsk hutajwa papo hapo. Uamuzi huo haukumfurahisha kila mtu, wala hakuna upande uliopata yote uliyoyataka. Lakini tangu siku hiyo aliyefutafuta majina hakuhesabiwa tena kuwa mbishi, alihesabiwa kuwa mharibifu.

Si kila ugomvi ulimalizika hivyo. Mwezi wa Februari 2002 waandishi wa Wikipedia ya Kihispania walipata habari kwamba huenda matangazo ya biashara yakatiwa katika kurasa. Walikasirika, kwa kuwa kazi waliyoitoa bure hawakuitoa ili mwingine aifanyie biashara. Sheria ya Wikipedia yaruhusu mtu ye yote kunakili maandishi yake yote na kuyatumia mahali pengine, mradi ataje yalikotoka na awaachie wengine uhuru ule ule. Basi wengi wao walichukua nakala wakaondoka, wakajenga kamusi elezo yao katika mitambo ya Chuo Kikuu cha Sevilla, nchini Hispania. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi kamusi ya walioondoka ilikuwa kubwa kuliko ile waliyoiacha. Mwishowe Wikipedia ya Kihispania iliipita, lakini kuondoka kwao kulisikika. Mwaka wa 2003 Wikipedia ilikabidhiwa shirika lisilotafuta faida, na matangazo ya biashara hayajatiwa hata leo.

Ubaya mkubwa zaidi ulitokea mahali ambapo mabishano yalikomeshwa kabisa. Nchini Kroatia, katika Wikipedia ya Kikroatia, kikundi kidogo cha wasimamizi kiliishika kamusi kwa miaka ipatayo kumi. Waliwafungia waandishi waliowapinga, mmoja baada ya mwingine, na wengine walichoka wakaenda zao. Kurasa za majadiliano zikatulia. Mtu apitaye angeweza kusema kwamba hapo pana umoja. Kumbe makala zilikuwa zikiharibika. Utawala wa Ustaše, uliotawala tangu 1941 hata 1945 ukaua Waserbia, Wayahudi na Waroma wengi sana, ulielezwa kwa maneno ya kuupunguzia hatia, na kambi ya Jasenovac, mahali pa mauaji, iliandikwa kana kwamba ni kambi ya kukusanyia watu na kufanyia kazi. Mwaka wa 2013 waziri wa elimu wa Kroatia, Željko Jovanović, aliwaonya wanafunzi wasiitegemee Wikipedia ya lugha yao wenyewe. Fikiri jinsi lilivyo jambo la aibu: mtoto wa shule kuambiwa asome habari za nchi yake kwa lugha ya kigeni, kwa kuwa zilizoandikwa kwa lugha ya mama yake hazina uaminifu.

Waandishi wachache hawakukubali kunyamaza. Walikusanya ushahidi kutoka katika kurasa za historia, wakaonyesha nani aliandika nini, siku gani, na nani alifungiwa kwa kusema kinyume. Mwaka wa 2020 aliyekuwa mkuu wa kikundi hicho alifukuzwa, na mwaka wa 2021 shirika la Wikimedia lilitoa taarifa ndefu ya uchunguzi iliyokiri mambo yalivyokuwa. Ndipo kazi ya kusahihisha ilipoanza, makala moja moja, na katika kurasa za majadiliano watu wakaanza kubishana tena.