Dondoo muhimu: Karatasi za kale za chama chenu

Daftari za mikutano, hati za waqfu na picha za wazee wa mtaa huharibiwa zaidi na watunzaji wake kuliko na umri, hasa huku pwani kwenye joto na unyevu.

1. Nawa mikono, uikaushe. Usitie mate kidoleni kufungua kurasa.
2. Andika kwa penseli tu. Wino wa kalamu ukishapenya karatasi haufutiki.
3. Ng'oa pini na vibanio vilivyoshika kutu, taratibu, kimoja kimoja.
4. Usizibe mpasuko kwa selotepu: gundi yake hugeuka kahawia na kula maandishi. Laminesheni ni mbaya zaidi, haibanduki tena. Ukurasa uliochanika uweke tu ndani ya karatasi safi iliyokunjwa.
5. Inua maboksi kutoka sakafuni na uyaache mbali na ukuta. Mchwa hupandia huko.
6. Karatasi zilizolowa zianikwe kivulini penye upepo, kamwe si juani.
7. Usipange upya mafaili ili yapendeze. Mpangilio wa katibu wa zamani nao ni ushahidi.
8. Hati ya mwaka 1300 Hijria ni ya 1882 au 1883. Andika tarehe zote mbili kwenye orodha.
9. Majina ya waliomo pichani yaulizwe sasa, wazee wangali hai, yaandikwe kwenye bahasha.
10. Asiyesaini daftari la kuazima hatoki na kitu, hata akiwa mwenyekiti.