Mvua Ikikutana na Bamvua

Masika ikikaribia, wengi wetu hapa Shelly Beach na Likoni yote huangalia mawingu. Tuangalie na mwezi pia. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, bahari huwa katika bamvua, na hapa Mombasa maji hujaa pomoni karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Mvua kubwa ikinyesha saa hizo, maji yanayoteremka kutoka mitaani hayana pa kutokea. Hurudi kwenye mitaro, yakaingia majumbani. Mvua hiyo hiyo ikikuta bahari imekupwa huenda ikapita salama.

Wavuvi wanazijua siku za bamvua bila kufungua kitabu. Kila mtaa uwaombe wazitaje mapema, zitangazwe msikitini, kanisani na kwenye steji za bodaboda. Mitaro nayo izibuliwe kabla ya Machi, maana chupa za plastiki zikishakwama, mvua ya saa moja tu inatosha kuwatoa watu ndani.

Nyumbani, weka vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na dawa za presha au sukari katika mfuko mmoja usiopenyeza maji. Mjamzito aliyekaribia siku zake, anayetarajia kujifungulia hospitali ya Makadara, ng'ambo ya feri, asingoje mvua ichache ndipo aanze kutafuta feri usiku. Avuke mapema, akae kwa jamaa. Maji yakianza kuingia, zima swichi kuu ya umeme ukiwa bado umesimama pakavu. Usimruhusu mtoto kuvuka maji yanayokwenda kasi: yakipita kifundo cha mguu kidogo tu yanaweza kumwangusha hata mtu mzima.

Hatari inayosahaulika ni ya baadaye, jua likishatoka. Likoni tunatumia sana visima, na vyoo vya shimo viko karibu navyo. Mafuriko huvichanganya. Maji ya kisima yanaweza kuonekana maangavu kabisa, kumbe yamebeba kipindupindu. Yachemsheni mpaka yatokote, au yatieni dawa ya kutibu maji, hata ya kupigia mswaki. Mtu akiharisha, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa, anywe kidogo kidogo huku mkimpeleka hospitali. Msingoje aishiwe nguvu.

Tahadhari ikitolewa, iaminini. Jumapili ya Desemba 26, 2004, tsunami iliyoanzia Indonesia ilichukua saa nyingi kufika kwetu. Habari zilitangulia, watu wakaondolewa ufuoni, na Kenya ikapoteza mtu mmoja, ilhali Somalia ilipoteza mamia. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilionya, na uvuvi na kuogelea vikasimamishwa Pwani. Kimbunga kikaenda kupiga Mafia, Tanzania. Waliosema tulitishwa bure walikosea. Upepo ungeweza kugeukia huku. Kwa hiyo mkiambiwa ondokeni, pandeni juu mbali na ufuo, msishuke kutazama mawimbi wala kupiga picha.

Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199, polisi kwa 999 au 112. Ziandikeni namba hizi ukutani leo, pahali ambapo hata mtoto anaweza kuzisoma, na mjue ni jirani yupi hawezi kutembea, na nani atambeba.