Ukienda Nzambani au Nzaui, wahi jua

Kama unataka kupanda mwamba wa Nzambani, karibu na mji wa Kitui, uwe umefika chini yake saa moja asubuhi. Saa tano jiwe limeshashika moto, na huko juu hakuna kivuli. Beba maji lita mbili kwa kila mtu. Vaa viatu vya soli ya mpira inayoshika.

Utapanda kwa ngazi ya chuma, na ni kali. Simu iwe mfukoni, maji mgongoni, mikono yote miwili ishike chuma.

Tafuta mwenyeji akuongoze, na mkubaliane malipo kabla hamjaanza. Muulize habari ya kuuzunguka mwamba mara saba. Atakuambia kuwa ukimaliza, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Msikilize mpaka mwisho, usimkatize kwa kicheko.

Usitie mkono kwenye ufa usiouona ndani. Bafe hupenda kujificha humo, na nyuki pia. Siku hiyo acha manukato nyumbani.

Upande wa Makueni, nenda kwenye mwamba wa Nzaui. Shuka Emali kwenye barabara ya Mombasa, kisha ushike njia ya Wote. Wazee wa Kikamba husimulia kwamba Mulungu aliwashusha mume na mke wa kwanza juu ya mwamba huo. Kwa hiyo piga hodi kwanza: mwone chifu au mzee wa kijiji, jitambulishe, mwambie unakwenda kuangalia nini.

Muulize pia kama njiani kuna ithembo, yaani mahali pa matambiko. Mara nyingi utaona mti mkubwa wa mkuyu tu, na mgeni anaweza kuketi chini yake apumzike bila kujua. Ukiambiwa usipite, zunguka. Ukiambiwa usipige picha, zima simu.

Ukikuta kigae cha chungu cha kale, kipige picha na ukiache palepale. Mwanaakiolojia hukisoma kwa udongo kilimolala na vitu vilivyo jirani nacho. Ukikiondoa, umeifuta habari hiyo, na hata ukikirudisha kesho hairudi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inakutaka utoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kule Mesa Verde, Marekani, huruhusiwi kuingia kwenye nyumba za Wapueblo wa kale majabalini bila askari wa hifadhi. Huku kwetu mara nyingi utakuwa peke yako, na ndiyo sababu nakusisitizia.

La mwisho ni mito, na hapa sina mzaha. Mito ya Ukambani huwa mchanga mtupu, kisha mvua inanyesha mbali nawe na maji yanakuja kwa kishindo. Desemba 2021, basi lilisombwa na mto Enziu karibu na Mwingi likijaribu kuvuka, na zaidi ya watu 30 wakafa. Kati ya Oktoba na Desemba, na tena Machi hadi Mei, uliza hali ya mto kabla hujaondoka. Ukikuta maji yamefunika daraja, mwambie dereva asimame. Akikataa, shuka.